Jino Lililorushwa Juu ya Bati

Nimenunua maharage kati ya Mbulu na Hanang kwa miaka kumi na sita. Waliowahi kunishinda kwa maneno nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja, na Fabiola Akonaay wa Maretadu peke yake amechukua viwili.

Fabiola anauza maziwa. Alianza na dumu la lita tano kichwani, kwa miguu, mtoto mgongoni. Pikipiki alijifunza kwenye uwanja wa shule. Alianguka mara tatu, safari ya nne akapeleka maziwa. Mumewe Bonaventura ni fundi ujenzi, yuko Babati, anarudi mwisho wa mwezi. Kwa hiyo ukisikia pikipiki alfajiri na madumu yanagongana, ni mwanamke huyo anakwenda Haydom, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi.

Kitu chochote kinachoweza kuuza maziwa hakimpiti. Mteja wake mmoja pale Haydom ni Judica, tabibu wa meno hospitalini. Siku moja, akisubiri kupimiwa lita yake, Judica alimwambia kwamba mtoto aking'oka jino la ukubwani kwa ajali lisitupwe. Litiwe kwenye maziwa mabichi, mtoto awahishwe ndani ya saa moja, linaweza kurudishwa na kushika. Mtu mwingine angesema "ahaa" akaondoka. Fabiola aliona soko. Kuanzia kesho yake akawa anaita: "Maziwa ya Fabiola! Mtoto anakunywa, jino linaogelea!" Watu wakacheka, wakanunua. Mimi nilimwambia huo ni uongo wa sokoni. Akanijibu, "Baltazar, na wewe unasema maharage yako hayana wadudu."

Basi Jumamosi moja ya mwezi wa sita nilikuwa nimekaa uani kwa mama mkwe wake, Bibi Agatha. Nyumba zao ziko ua mmoja. Tulikuwa tunavutana juu ya gunia.

"Bibi, maharage haya yana mawe."

"Mawe utayatoa. Nimekutajia bei ya mawe?"

"Na yamekauka mno."

"Haya ukiyabandika leo unakula leo. Hayo unayonunua kule Hanang yanaiva Krismasi!"

Wakati huo Imakulata, binti wa Fabiola, miaka tisa, darasa la tatu, alikuwa amerudi kisimani na punda. Akainama kufungua kamba ya madumu chini ya shingo. Nzi akamgusa punda sikioni. Punda akainua kichwa kwa nguvu. Nilisikia mlio kama wa mtu anayevunja hindi kwenye bua, halafu mtoto amekaa chini, mikono mdomoni, damu inapita katikati ya vidole. Mbele yake, kwenye vumbi, jino.

Bibi Agatha hakubabaika. Alimsukutua mtoto kwa maji, akamwambia, "Nyamaza, umekuwa mkubwa." Akaokota jino, akalifuta vumbi na kitenge, akageukia nyumba. Ua ule jino la mtoto halitupwi chini. Linarushwa juu ya paa, huku linaombwa lingine. Bibi Agatha amerusha meno ya wanawe enzi za paa la nyasi, sasa anarusha ya wajukuu kwenye bati, na mkono wake haujakosa.

"La zamani hilo, chukua! Tuletee jipya, nene!"

Jino likagonga bati, ti-ti-ti, likanyamaza. Mimi nami nikaona shughuli imekwisha, nikarudi kwenye maharage.

Sijamaliza sentensi, Fabiola akaingia na pikipiki, madumu matupu. Akamwona mtoto, akaiangusha pikipiki hapo hapo bila kuiegesha.

"Fungua mdomo. Fungua!" Akachungulia. Akageuka, uso umebadilika. "Mama, hili la mbele lilishang'oka akiwa darasa la kwanza. Hili ni la ukubwani! Hakuna jingine nyuma yake! Jino liko wapi?"

Bibi Agatha alielekeza kidevu juu, kwenye bati.

"Mmelirusha?"

"Limepanda," akasema Bibi, sauti ndogo.

"Muda gani?"

Nikaangalia simu. "Kama dakika nane."

"Saa moja tu ndiyo tuliyonayo!" Fabiola akakimbilia ngazi ya ghalani, akaileta akiiburuta. "Baltazar, shika huku!"

"Apande Baltazar," Bibi akasema haraka.

"Bibi, bati hili ni jembamba, mimi nina kilo tisini na nne. Nikipanda nitashukia jikoni."

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Kwa Bibi Agatha mke wa mwana hakalii hata kigoda chake. Kupanda juu ya nyumba yake, yeye akiwa chini, ni neno la kuitisha kikao cha ukoo. Fabiola alijua. Alisimama mguu mmoja kwenye ngazi, mwingine chini.

"Mama, naomba nipande."

"Upande juu ya kichwa changu?"

"Kichwa chako, mama, naomba ukitoe nje ya ua. Nyumba nitaiomba msamaha mwenyewe."

Nilitegemea kusikia kofi. Nimeona wakwe wakigombana kwa jambo dogo kuliko chumvi. Bibi akamtazama mjukuu wake, pengo limejaa damu. Akachukua fimbo yake, akatoka getini taratibu kama mtu anayekwenda kanisani. Alipovuka akapaza sauti:

"Sasa mimi sipo nyumbani! Pandeni!"

Fabiola alikuwa juu kabla hajamaliza. Kwenye bati hakuna kitu, jino limeteleza. Akajilaza kwa tumbo akapekua gata, lile la kukingia maji ya mvua, limejaa majani makavu.

"Nimelipata!" Halafu, "Aa! Kuna lingine!" Halafu, "Baltazar! Huku kuna meno sita!"

Nje ya ua Bibi akajibu, "Hayo ni ya wajukuu wangu, kina Patriki! Yaache!"

Kumbe miaka yote meno ya nyumba ile yalikuwa hayafiki popote. Yanaishia kwenye gata.

Imakulata akaondoa mkono mdomoni. "Langu lina doa la kahawia!"

"Mwanangu, maji ya huku, nani hana doa la kahawia?" Fabiola akasema, akiyapanga kwenye kiganja. Nilimwona akiyachagua kama ninavyochagua mbegu. Ya utoto yakidondoka yenyewe ni mafupi, mzizi umekwisha. Moja lilikuwa refu, lenye mzizi, na damu haijakauka. "Hili!" Akalishika upande wa kung'atia, mzizi haugusi kitu, akashuka ngazi kwa mkono mmoja.

"Maziwa!"

Tukatazamana. Madumu yake yalikuwa matupu, ameuza yote. Ng'ombe wa nyumbani amekamuliwa alfajiri, ndama kamalizia. Ndani kulikuwa na kibuyu cha mtindi tu.

"Muuza maziwa hana maziwa!" nikasema. Halikuwa neno la kusema wakati ule, lakini lilinitoka.

"Funga mdomo, Baltazar."

Ndipo tukasikia getini, "Shikamoo, mama."

"Marahaba, Gidahosh."

"Mama Imakulata yupo?"

"Alikuwa juu ya nyumba yangu. Labda ameshashuka."

Gidahosh ni mfugaji kutoka bondeni Hanang. Baada ya mavuno huleta ng'ombe wake kula mabua ya mahindi kwa makubaliano na wenye mashamba, na maziwa yao humuuzia Fabiola. Asubuhi ile alifika barabarani Fabiola ameshaondoka, ndiyo mara ya pili wiki hiyo, na jana yake alikuwa ameambiwa kwamba akichelewa tena maziwa yake akanywe mwenyewe. Alikuwa amekuja kudai haki yake, shuka begani, dumu mkononi.

"Mama Imakulata, mimi nimetembea tangu—"

"Gidahosh, fungua dumu!"

"Tuongee kwanza. Ulisema maziwa yangu—"

"Nipe maziwa nitie jino!"

"Utie nini?" Akamwona mtoto. Alipiga goti, akamimina kwenye kopo la plastiki mpaka likafurika, maziwa yakatiririka kwenye vumbi. Jino likazama. Fabiola akafunga mfuniko. Gidahosh akajifuta mikono kwenye shuka akasema, "Kumbe sikuchelewa."

Pikipiki ikainuliwa. Nani amshike mtoto, nani ashike kopo? Bibi Agatha alikuwa ameshaingia getini. Miaka yote ameiita pikipiki ile jeneza lenye honi, na hajawahi hata kuigusa.

"Nililirusha mimi. Nitalibeba mimi."

Akapandishwa nyuma, mtoto katikati, kopo kifuani ndani ya khanga, fimbo kwapani. Mshikaki wa watu watatu, ukatoka getini na vumbi.

Mengine nilisimuliwa na Fabiola mwenyewe, na Bibi ameyarudia mara nyingi kiasi kwamba sasa ni kama nilikuwepo. Alipopanda alianza Salamu Maria. Kwenye mteremko wa kwanza alifumba macho. Kwenye wa pili akafumbua. Karibu na Haydom wakakuta kundi la ng'ombe wanapelekwa mnadani, barabara imejaa pembe kutoka mtaro hadi mtaro. Fabiola akapiga honi. Ng'ombe wa mnadani na honi wapi na wapi! Wachungaji wako nyuma kabisa. Dakika zinakwenda. Bibi akanyoosha fimbo juu ya bega la mkwe wake, akatoa maneno ya Kiiraqw ambayo mimi sitayaandika. Ng'ombe wakaachana kama wanafunzi walioona mwalimu. Pikipiki ikapita katikati, mkia mmoja ukamchapa Imakulata usoni. Na Bibi, yule yule wa Salamu Maria, anapiga mgongo wa Fabiola: "Ongeza! Ongeza!"

Judica alikuwa ameshapigiwa simu, anafungua chumba. "Dakika ngapi?"

"Arobaini na tatu."

"Liko wapi?"

Bibi akatoa kopo kifuani kama anatoa sadaka. Judica akafungua, akatazama. Sindano ya ganzi. Akaliosha jino kwa maji ya dripu bila kulisugua, akalipeleka polepole kwenye tundu lake kwa vidole viwili.

"Kumbe jino linaingia kama msumari!" Bibi akasema.

"Msumari unagongwa, bibi. Hili linabembelezwa."

Likaingia. Akalifunga kwa waya mwembamba na majirani zake wa kulia na kushoto, mtoto akachomwa sindano ya pepopunda, akaandikiwa dawa. Uji na vyakula laini tu, hindi la kuchoma asiliguse.

Lakini Judica hauzi maneno. Akawaambia wazi kwamba jino lilikaa kavu kwenye bati, si jambo dogo. Linaweza kushika na kuishi, kwa sababu mzizi wa mtoto wa miaka tisa bado haujafunga. Linaweza pia kushika likafa ndani, likawa jeusi, likaanza kuoza. "Litaamua lenyewe. Sisi tutalichungulia."

"Na la utoto nalo tulilete?" Bibi akauliza kwa wasiwasi.

"La utoto hapana, bibi. Tukilirudisha tutaliumiza linaloota chini yake. La utoto rusha tu."

Bibi akashusha pumzi.

Wiki mbili baadaye waya ukatoka, jino likasimama. Ua mzima tukaita ushindi. Fabiola hakuita. "Limesimama? Hata kigingi kinasimama," aliniambia. Mwezi wa tisa Judica akagusa meno ya mtoto kwa pamba ya baridi kali, maana jino lililo hai husikia baridi. Jirani wa kulia, mtoto anakunja uso. Wa kushoto, anakunja uso. Lile la katikati, kimya. "Husikii?" "Sisikii." Mwezi wa kumi na mbili, kimya. Siku ile Fabiola alirudi na madumu matupu bila kumpigia mtu kelele sokoni. Nikamtajia bei ya kijinga ya maharage ya mkwe wake ili nimwone akiwaka. Akaitikia kwa kichwa. Nikaogopa, nikaipandisha mwenyewe.

Mwezi wa tatu nilikuwa Haydom na mzigo wangu. Nikawakuta kwenye benchi la kliniki, wanawake wawili na mtoto katikati, nikaingia nao. Judica akachukua pamba, akaipuliza ile dawa ya baridi, ikatoa moshi kidogo. Jirani wa kulia, sawa. Wa kushoto, sawa. Fabiola alikuwa anatazama dirishani. Pamba ikagusa jino la katikati.

Imakulata aliruka kwenye kiti nusu apige taa kwa kichwa.

"Baridi! Inauma!"

"Inauma kweli?" Judica akauliza. "Tulia nijaribu tena."

"Usijaribu! Inauma sana, mama!"

Bibi Agatha akapiga kigelegele, kirefu, cha harusi. Fabiola akamkumbatia mtoto huku anamuuliza inauma wapi, inauma vipi, hebu sema tena, na mtoto anazidi kulalamika kwa hasira, akishika mdomo. Nesi wa chumba cha pili akafungua mlango, akatutazama mmoja mmoja.

"Mtoto analia kwa maumivu," akasema, "na nyinyi mnashangilia?"

"Ndiyo!" tukamjibu wote.