Nilisema Mfumo Uko Sawa

Nimekosa, ndugu zangu. Nimekosa vibaya, na hofu haijanitoka mpaka leo.

Mimi ni mtengeneza programu hapa Tabora mjini. Hospitali moja binafsi ilinipa kazi ya mfumo wa wagonjwa. Kurasa wanazoziona wauguzi nilizijenga kwa Java, lugha ya kuandikia programu. Nyuma yake kuna sehemu inayotunza historia ya kila mgonjwa na dawa zinazomdhuru. Kazi yangu ilikuwa kuziunganisha hizo mbili.

Haraka, jamani! Badala ya kila muuguzi kuwa na nafasi yake ndani ya programu ya kuhifadhi maelezo ya mgonjwa aliyemfungua, niliweka nafasi moja ya wote. Nikajaribu peke yangu kwenye laptopu, ikaenda vizuri. Watu wawili kwa pamoja sikujaribu.

Siku ya nne tangu mfumo uanze kutumika akanipigia muuguzi mmoja mtu mzima, nitamwita Sista Modesta.

"Mwanangu, jina juu ni la mtoto, maelezo chini ni ya mzee wa Igunga."

"Shikamoo, Sista. Utakuwa umebonyeza vibaya. Funga, fungua tena."

Nikaendelea na chai yangu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa palepale hospitalini nikiunganisha printa. Nikasikia watu wanakimbia. Mama mmoja wa Goweko, aliyekuja na kidonda cha mguu, alikuwa amechomwa penisilini. Faili lake lilikataza! Lakini Sista Modesta alipolifungua, mwenzake naye alifungua la mtu mwingine, na maelezo yakaja ya huyo mwingine. Uso wa mama ulivimba, akawa anavuta pumzi kwa sauti ambayo bado naisikia.

Mganga mkuu akanigeukia. "Ni mfumo au ni mtu?"

"Mfumo uko sawa, daktari."

Nilisema hivyo! Sista Modesta akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Mchana nikaweka laptopu mbili mezani. Nikafungua mgonjwa huku, mwingine kule. Maelezo yakachanganyika mbele ya macho yangu.

Na bado nilinyamaza siku mbili! Pikipiki ikisimama nje, najua ni polisi.

Siku ya tatu nikaenda wodini. Yule mama alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji. "Karibu, daktari," akaniambia. Nilikimbilia ofisi ya mganga mkuu nikasema yote.

Kazi nikaipoteza, na hakuna hospitali inayonipa nyingine. Sista Modesta alirudishwa. Nilimfuata nyumbani kumwomba radhi.

"Nilikuambia, mwanangu."

Akafunga mlango.

Nyie mnaounganisha mifumo, jaribuni mkiwa wawili, watatu, kumi. Na ukiulizwa kama kazi yako ni salama na hujaangalia, sema hujaangalia. Mimi niliogopa aibu ya dakika moja, nikamwacha mama wa watu akigombea pumzi na mwingine akibeba lawama yangu.