Mtandao wa Pekupeku

Dada yangu alikuwa mwaka wa mwisho chuoni. Mradi wake ulikuwa kukokotoa mawimbi ya simu yanavyodunda kwenye mabati ya mtaa wetu hapa Kipawa. Ndani ya kompyuta aliukata mtaa mzima vimraba vidogo vidogo. Kila kimraba kinawauliza jirani zake kwao kukoje, kisha kinajirekebisha. Nikamwambia huo ni umbea tu, ila wa namba. Hakucheka. Laptopu ilikuwa imezidiwa na kuzima tena, Jumatatu anawasilisha, na bila majibu anarudia mwaka.

Ndipo akaugawa mtaa vipande vitatu. Kimoja kikabaki kwenye laptopu, iliyokuwa inapepewa na feni ya bibi huku bibi mwenyewe akijipepea na kanga. Cha pili akakiombea nafasi kwenye kompyuta ya mama wa steshenari. Cha tatu kwenye ya braza mwenye kibanda cha kuwaingizia watu nyimbo kwenye simu, na ilikuwa Jumamosi, siku yake ya kuuza. Nilijua atagoma. Akazima singeli, akavuta kiti.

"Kaa, sista. Wateja watasubiri."

Dada akawaelekeza pa kubonyeza, akarudi nyumbani. Sasa ishu ikawa mipakani. Kila raundi, vipande lazima vipeane namba za pale vinapogusana, la sivyo kila kimoja kinashikilia yake. Na zile mashine hazikuunganishwa na kitu. Kitu chenyewe kikawa mie: flashi shingoni, ndala mkononi, mbio.

Steshenari ndiyo ilinitesa. Naingia nahema, nasahau shikamoo, mama ananirudisha mlangoni nianze upya. Kisha anaipima flashi virusi. Nadhani alitamani kunipima na mie.

Mwanzoni namba zilirukaruka ovyo. Kila raundi zikapungua kuruka, na jioni nikaleta zilezile nilizoleta raundi iliyopita. Dada akazitazama, akazitazama tena, akasema zimetulia, ndiyo majibu, akajilaza sakafuni akicheka peke yake. Bibi akachukua feni yake.

Alifaulu. Alituambia mhadhiri alimuuliza kompyuta zile aliziunganisha kwa mtandao gani.

"Mdogo wangu, dokta. Anakimbia pekupeku."

Mie darasani natolewaga nje kwa kelele. Siku ile watu wazima walinikabidhi namba zao na hawakuniuliza kama nitazifikisha.

Hadi leo nikipita steshenari natoa shikamoo mbili. Mama anadhani namtania. Ya pili ni asante.