Uzi Uliopima Jimbo la Ziwa

Kila Jumamosi harufu ya dagaa wa Mwanza huingia dirishani kwangu, hapa Mtoni, Mama Zuhura anapofungua gunia kwenye genge lake. Yeye ni mtu wa Lindi, ziwa hajawahi kuliona. "Shikamoo babu! Njoo unuse kwenu," huniita huku akicheka. Humwitikia marahaba, nacheka naye kidogo, kisha narudi ndani nafunga dirisha. Wanangu wanadhani nimechoshwa na shombo. Wao sijawaambia. Acha niwaambie ninyi.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya ghuba, na Mwanza ng'ambo ya pili. Darasani kwetu ilitundikwa ramani ya Jimbo la Ziwa, imechanika kwenye mikunjo, na mwalimu alitukaririsha miji yake kila asubuhi: Mwanza, Bukoba, Musoma, Shinyanga. Niliipenda ramani ile kuliko chakula. Niliinakili kwa penseli juu ya karatasi ya kaki ya kufungia sukari, nikawa natembea nayo. Mwalimu alitufundisha pia kupima umbali kwa uzi wa kushonea. Unaulaza juu ya njia, unapinda nayo kila inapopinda, halafu unaunyoosha kwenye kipimio kilicho chini ya ramani na kusoma maili.

Baba hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Wageni wakija aliniita. "Masanja, msomi wangu, hebu waoneshe Bukoba ilipo." Nikionesha, alitabasamu kana kwamba Bukoba ni shamba lake.

Wakati wa kuvuna pamba mdogo wangu Kabula, aliyekuwa na miaka minne, akashikwa na kichomi. Siku ya kwanza alikohoa tu. Siku ya tatu mbavu zake zilikuwa zikibonyea kila akivuta pumzi. Kulikuwa na zahanati ya wamisionari upande wa bara, nusu siku kwa baiskeli, na ndiko kijiji kizima kilikotibiwa. Kulipopambazuka, baba mkubwa, kaka yake baba, alikuwa ameshaleta baiskeli yake mlangoni. Lakini baba akanigeukia mimi.

"Msomi, hebu pima. Karibu ni wapi?"

Nikaitandaza karatasi yangu juu ya kinu kilichopinduliwa. Zahanati haikuwemo, kwa kuwa ramani ile ilijua miji tu. Mwanza ilikuwemo, yenye hospitali kubwa, na kati yake na sisi palikuwa na maji yasiyozidi upana wa ukucha wangu. Nikalaza uzi. "Mwanza, baba. Maili tisa tu, pamoja na kuvuka."

"We mtoto," akasema baba mkubwa, "huo uzi wako umewahi kupanda mtumbwi? Boti inaondoka asubuhi. Mtaikosa."

Majirani wakacheka. Nami nikamjibu kwa sauti ya mwalimu wangu, "Tutaiwahi, baba mkubwa. Hiyo zahanati yako hata kwenye jimbo haimo."

Baba alimtazama Kabula mgongoni kwa mama, akanitazama mimi. "Aliyesoma ni huyu," akasema. "Twendeni mwaloni, kwenye boti."

Sasa nitasema jambo ambalo sikumwambia baba hadi anakufa. Njia ya kwenda mwaloni niliijua. Nilijua kwamba inazunguka mbuga yenye tope na kupanda vilima viwili kabla ya kulifikia ziwa. Ule uzi nilipaswa kuupinda. Niliunyoosha, kwa sababu nilikuwa sijawahi kuiona Mwanza, na nilitaka sana kuiona.

Tulitoka jua linachomoza, na tulipofika mwaloni vivuli vilikuwa vimeshafupika. Boti ilikuwa katikati ya ghuba, ndogo kama kiatu. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani pande zote, na harufu yao ilikaba koo. Upepo ulikuwa umeshaanza. Baba alimfuata kila mwenye mtumbwi, akashika mikono yao, akawaahidi mbuzi.

"Mzee wangu, sikatai," mmoja alimwambia. "Mawimbi haya yatatumeza na huyo mtoto wako. Subiri jioni yatulie."

Kurudi na kwenda zahanati haikuwezekana tena. Tukakaa chini ya paa la nyavu. Hewa ilikuwa safi siku ile, na Mwanza ilionekana yote, mawe yake makubwa na mabati yaking'aa, hata moshi wa meli bandarini. Mama alikuwa akimpepea Kabula kwa kanga na kumwambia, "Ona, ona mji ule, tunakwenda pale." Kabula hakufumbua macho. Alikata roho mawimbi yakiwa bado makubwa.

Baba alimbeba mwenyewe kurudi nyumbani. Mimi nilitembea nyuma yao. Tulipofika juu ya kilima, niligeuka nikaiangalia Mwanza mara nyingine. Nilikuwa na maiti ya mdogo wangu mbele yangu, na niligeuka.

Baba hakunipiga wala kunilaumu. Msibani, baba mkubwa alipoanza kuutaja uzi, baba alimkatiza: "Njia nilichagua mimi." Lakini toka siku hiyo hakuniita tena msomi. Barua zikija alizipeleka kwa karani wa pamba zikasomwe huko, nami nipo nyumbani, najua kusoma, nimekaa kizingitini. Nilidhani ananidharau. Niliondoka na hasira hiyo, nikamaliza sekondari, nikaja kutafuta kazi Dar es Salaam, nikawa namwandikia kwa nadra.

Nimelea watoto sita hadi kuielewa safari yake ya kwa karani. Barua za siku zile zilileta habari za wagonjwa na misiba, na kila moja ilidai jibu: twende au tusiende, tuuze au tungoje. Baba hakutaka jibu lolote kati ya hayo litoke tena kinywani mwangu. Alitembea maili mbili juani, mzee yule, ili mimi nibaki mtoto.