Siku Redio Alipofunga Mdomo

Kisiwani kwao kila mtu humwita Redio, hata mkewe, na ukikaa naye kidogo tu huulizi kwa nini. Kazi yake ni kutembeza wageni msituni, na humo hana breki: mara mti huu, mara kima yule, mara babu yake aliyepotea humo mpaka viatu vikamwozea miguuni. Akifika kwa yule ndege adimu anayewavuta watu kutoka mbali, hutia vidole kinywani akapiga mluzi mtamu. "Hivi ndivyo anavyoimba!" Mluzi huo aliurithi kwa baba yake, naye baba alikuwa domo kaya vilevile. Wageni hupiga makofi, wakaridhika.

Isipokuwa mama mmoja, mwalimu mstaafu kutoka bara, aliyemsikia ndege huyo kwenye rekodi tu. Mwaka jana aliusikia huo mluzi, akaguna. Mwaka huu amerudi, kapanga chumba cha uani kwa Redio na mkewe, na leo mchana boti inamchukua. Asubuhi, wakinywa chai, alimkazia macho Redio.

"Mwanangu, magoti haya hayatanileta tena. Nakuomba kitu kimoja. Nyamaza."

Mkewe Redio nusura aangushe birika kwa kicheko. "Huyu? Labda umzibe kwa mkate!"

Redio alinuna, akaondoka na mwalimu kwenda msituni. Jamani, mtu aliteseka! Walipopita pale babu yake alipopotelea, akaimeza hadithi. Kima akamrushia kokwa, likampiga utosini, naye akauma ulimi asiseme. Walipoketi kwenye gogo kando ya kijito jasho lilimtiririka, na wala hakubeba mzigo.

Msitu ukatulia. Mbu wakala wakashiba. Kisha, juu kabisa, ndege akaimba.

Wala haukuwa mluzi. Ilikuwa sauti nzito, ikapanda taratibu kama mtu anayemwita mwanawe kutoka mbali, ikakatika, ikaanza upya. "Ndiye," mwalimu akanong'ona, machozi yakimlengalenga. Redio aliona aibu kwanza, halafu furaha ikamjaa kifuani mpaka ikamuuma. Maisha yake yote ndege huyu alikuwa hapa, naye akimfunika kwa maneno.

Mwalimu akatazama saa, akaanza kujiinua. "Asante, mwanangu. Sasa zungumza, ruksa."

Redio akamshika kiwiko.

"Shh. Kaa, mama," akanong'ona. "Boti itasubiri. Pengine ataimba tena."