Rezista Iliyoniozesha

Mwanangu, hicho kipima taa ulichounda kiweke chini kwanza. Kinanikumbusha siku niliyoposwa, maana nusura nisiolewe kwa kidubwasha kama hicho.

Tulikuwa tunakaa Temeke. Babangu alikuwa na redio kaseti yenye mstari wa vitaa vyekundu vinavyorukaruka na muziki. Aliipenda kuliko sie wanawe, wala simsingizii. Vitaa vikazima, akamwita fundi wa mtaa wa pili, Shabani. Asichojua mzee ni kwamba wazee wa huyohuyo Shabani walikuwa njiani kuja kuniposa. Muoaji haendi kwenye posa yake, unajua, lakini angemkatalia vipi baba mkwe? Akaja na bisibisi yake, mkoba wa vifaa na kipima kama hicho chako, akakaa mkekani. Mie nyuma ya pazia, roho juu.

Akachomeka kipima ukutani, akawa anagusisha waya zake mbili kwenye kila kitaa. Kinachowaka kizima, kisichowaka kimekufa. Baba akashangaa.

"Umeme wote huo, mbona hakiungui?"

"Mzee, kapasita hii inaubana, unapita kidogo tu. Daiodi hizi nne zinaufanya uende upande mmoja, kitaa kinapata kinachokitosha. Ila ncha hizi zikiwa wazi usishike, zina ukali wa ukutani."

Akachomoa plagi, akaiweka mkekani. Baba, mjuaji wa mtaa mzima, akaiokota, vidole juu ya meno ya shaba ya plagi. "Sasa si umeshakatika?"

Weee! Umeme ukamrusha, kofia huko, kikombe cha kahawa huku. "Toka! Sitaki! Nyumba hii usiikanyage tena!" akamfokea Shabani.

Na mlangoni wamesimama wazee wa posa, sinia mkononi. Mjomba wa Shabani, ndiye mshenga, akageuka. "Tumeshajibiwa, jamani. Twendeni." Nililia bila aibu.

Shabani akawazuia. Akasema mbele yao wote kwamba kosa ni lake: kapasita hubaki na umeme hata ukichomoa, naye hakuwa ameiwekea rezista ya kuumaliza. Akaichomea hapohapo, mguu kwa mguu na kapasita. Akachomeka, akachomoa, akangoja kidogo.

Baba akamnyooshea kidole. "Kumbe muoaji ni wewe? Haya, shika plagi. Ukiruka, huoi."

Akashika. Hakuruka.

"Na mshenga naye ashike!"

Mjomba akashika huku anapiga shahada, macho kayafumba. Baba akacheka mpaka akaegemea ukuta, akaagiza kahawa nyingine. Posa ikapokelewa.

Basi nisikilize. Rezista hiyo usiiache, hata kama taa inawaka vizuri bila yake. Kikiwa kimechomekwa, ncha usizishike. Ukichomoa, ngoja, kisha pima kwa mita, si kwa kidole kama wazee wale. Na ukikosana na mtu, usidhani kuondoka tu kumemaliza ugomvi. Mpe nafasi apoe, halafu rudi ukiri kosa lako mbele ya wote, kama alivyofanya huyo baba yako anayekoroma chumbani. Mie nilimpenda kabla ya hapo, lakini babangu alimpenda kwa hilo.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, akupe mke mwema, na mkweo asiguse plagi yako. Amina.