Mikate ya Watu Ambao Hawajahamia

Mwenye duka la mikate ya mchele alipoona Ok Miran anachukua trei nzima ya mikate ya maharage mekundu, alimpongeza palepale.

"Hongera, dada! Mmehamia wapi?"

"Bado hatujajua," Miran akajibu.

Mama wa watu alibaki na kisu mkononi. Mikate ile hugawiwa majirani siku ya kuhamia. Kuigawa kabla ni sawa na kupika pilau ya harusi na bwana harusi hajapatikana. Lakini Miran alikuwa ameshafikiri hadi akachoka kufikiri, na mtu akifika hapo hufanya chochote.

Alikuwa fundi wa kurekebisha nguo katika duka la dobi katikati ya Seoul, mfupi, mwenye pini mdomoni muda wote, na sasa alikuwa na mimba ya miezi minne. Ilikuwa ya pili. Ya kwanza ilimtoka kwenye korido ya jengo walilopanga, akigonga mlango wa jirani kuomba msaada. Ndani kulikuwa na televisheni. Mtu aliipunguza sauti, wala hakufungua. Pyo Jintae, mumewe, ndiye aliyemkuta pale aliporudi kazini. Tangu siku hiyo Miran alikuwa na sharti moja tu: mtoto atakayefuata atalelewa mahali ambapo mtu akigonga, anafunguliwa.

Jintae alikuwa mtunza stoo wa vipuri, mtu wa kupima kila kitu mara mbili. Alizunguka vitongoji vyote vya nje ya jiji hadi vikabaki viwili. Solgae palikuwa pa zamani, majengo ya ghorofa tano yasiyo na lifti, soko la mboga mlangoni. Byeolmaru palikuwa papya, maghorofa marefu yanayong'aa, chekechea chini kabisa, miti bado imefungwa magongo isianguke. Jintae alipapenda Byeolmaru wala hakuficha. Dalali alitaka jibu Jumatatu.

"Wewe unapima treni na bei," Miran alimwambia. "Watu umewapima?"

"Watu nawapimaje, mke wangu? Kwa futi?"

"Kwa mikate."

Basi Jumamosi wakaenda, mke mbele, mume nyuma na trei. "Utagonga wewe," Jintae alisema wakipanda ngazi za Solgae. "Na tukipigwa, mimi sikujui."

Mlango wa kwanza ulifunguliwa hata kabla kengele haijamaliza kulia. Alitoka bibi mmoja mkavu, mikono inanuka kitunguu saumu. Miran akainama kwa adabu zote.

"Bibi, sisi ni majirani wapya. Tumehamia hapo juu." Kwa woga akataja ghorofa iliyomjia mdomoni. "Ghorofa ya tatu, nyumba ya mwisho."

"Ya tatu, ya mwisho?"

"Ndiyo, bibi."

"Hiyo ni yangu. Hapa nimekuja tu kumenya vitunguu kwa rafiki yangu. Sasa niambie vizuri, mwanangu, mmehamia chumbani kwangu au jikoni?"

Jintae alianza kushuka ngazi kinyumenyume. Alikuwa amechelewa! Milango ilikuwa imeshafunguka juu na chini, vichwa vimejaa kwenye ngazi.

"Ni wale wa dini!" mwanamke mmoja akapiga kelele kutoka juu. "Wiki iliyopita walikuja na kalenda!"

"Msiile hiyo mikate! Ukila tu, umeshaandikishwa!"

Miran alitamani ardhi ipasuke. Alijaribu kueleza, maneno yakagoma, akaangua kilio mbele ya watu asiowajua. Katikati ya kwikwi akayasema yote: mimba, korido, televisheni iliyopunguzwa sauti. Bibi yule, Bibi Tak, akachukua kipande cha mkate, akatafuna, akameza.

"Haukukolea chumvi," alisema. "Ingieni."

Wakaingizwa ndani, wakaulizwa maswali ambayo hata hakimu angeona aibu kuyauliza. Miran ana umri gani, mshahara wa Jintae ni kiasi gani, mbona alichelewa kuoa, mbona amekonda hivyo, kwani mkewe hapiki?

"Nisikilize, mwanangu," Bibi Tak alimwambia Miran wakati wa kuagana. "Hapa kusemwa utasemwa, hata ukinunua sufuria mpya. Lakini ukipiga ukelele tutakuja sote, hata mwenye sabuni kichwani."

Nje Miran alikuwa na macho mekundu na uso unaong'aa kwa furaha. Kwake uamuzi ulikuwa umekwisha: ni Solgae.

"Fleti iliyo wazi iko ghorofa ya tano," Jintae alimkumbusha taratibu. "Utapanda na mtoto, kigari na gunia la mchele?"

"Nitapanda."

"Haya. Ila mikate imebaki nusu. Twende na kule, nisije nikasema baadaye hukupapa nafasi."

Miran alikubali kwa sababu alikuwa na hakika ya kushinda.

Na kweli, Byeolmaru palimpa ushindi kwa kasi. Waliingia lango kuu nyuma ya mleta vifurushi, wakapanda lifti hadi ghorofa yenye fleti waliyoonyeshwa na dalali. Kwenye mlango wa kwanza sauti ilitoka kwenye spika: "Hatununui." Wa pili: "Asante, weka chini." Kwenye wa tatu Miran alijitambulisha kuwa ni jirani mpya, na spika haikusema kitu. Ila alisikia ndala zikija taratibu mpaka nyuma ya mlango. Zikasimama. Mtu alikuwa pale, pumzi yake karibu isikike, na hakufungua.

Hasira ikampanda.

"Umeona?" alimwambia Jintae. "Umesikia mwenyewe? Hapa nikianguka, wataniruka na kuendelea na safari."

Jintae aliweka mkate sakafuni, akamshika mkewe mkono, wakaenda kungoja lifti.

"Dada! Dada wa mikate! Usiondoke!"

Mlango wa tatu ulikuwa umefunguka kidogo. Mwanamke kijana alichungulia, soksi nene miguuni na taulo shingoni katika joto lile lote.

"Simama hapohapo, usisogee! Nina kichanga ndani. Mama mkwe ameapa mgeni hakanyagi hapa mpaka wiki tatu ziishe. Nilikuwa nabishana na nafsi yangu nifungue au nisifungue."

Miran alijisikia mjinga. Wiki tatu za mzazi! Mama yake mwenyewe aliwafukuza mashangazi wazima kwa ajili hiyo, na yeye alishapanga kuwafukuza wake. Alimchukia mtu kwa kosa ambalo naye angelifanya.

"Hujakosea, mdogo wangu. Mimi ndiye niliyekuja vibaya. Unaendeleaje?"

Lilikuwa swali la kawaida tu, lakini yule kijana, Dahye jina lake, alilipokea kwa midomo inayotetemeka.

"Supu ya mwani, dada, ndicho chakula cha mzazi. Asubuhi mwani, mchana mwani, mpaka nanuka bahari." Akacheka, halafu kicheko kikamkatikia. "Mume wangu yuko safarini. Mama mkwe akiondoka mchana, nabaki na huyu. Analia, sijui kama ndivyo wanavyolia wote. Tangu tuhamie hapa hakuna aliyewahi kugonga ila waleta vifurushi, na wao hugonga huku wakikimbia. Jana nilikaa nyuma ya mlango huu, nikingoja tu mtu apite nisikie sauti yake."

Miaka yote hii Miran alikuwa akimfikiria mtu aliye nje ya mlango, anayegonga. Hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba na ndani anaweza kuwepo mtu anayengoja kugongewa.

"Mmehamia nyumba ipi?" Dahye aliuliza, na matumaini yake yalikuwa wazi kiasi cha kutia huruma. "Ile ya kona?"

"Hatujahamia. Nilidanganya, mdogo wangu. Tulikuwa tunapima majirani."

"Ooh." Dahye alitazama chini. "Basi tumefeli."

"Aliyefeli ni mimi." Miran alishika tumbo lake. "Tunahamia. Hiyohiyo ya kona. Wangu atazaliwa majira ya baridi."

Jintae, aliyepigania Byeolmaru wiki nzima, ndiye aliyeshtuka zaidi. "Na Bibi Tak je?"

"Bibi Tak ana ngazi nzima ya watu. Huyu ana nani? Mpigie dalali kabla hajafunga ofisi."

"Usinidanganye mara mbili, dada," Dahye alisema.

"Sidanganyi. Na usidhani nakuhurumia, nitakuhitaji."

"Mpaka ufike wewe kuzaa, mimi nitakuwa nimeshakosea kila kitu. Nitakueleza yote."

Ndani kichanga kilianza kulia. Dahye aligeuka kwa hofu, akamtazama tena Miran asije akaondoka. Jintae alikuwa tayari na simu sikioni, anazungumza na dalali. Miran alirudi hatua moja nyuma, kama desturi inavyotaka, akaegemea ukuta.

"Siendi popote. Mlete hapo mlangoni, nisikie anavyolia."