Mama wa Ubatizo wa Watoto Ishirini na Watatu

Kiwandani walimwita Noelia, na aliitika. Nyumbani alikuwa Herminia, jina alilopewa na mama yake huko Guanajuato, Meksiko. Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alilivaa jina moja alfajiri na kulivua mchana pamoja na mabuti, wala hakuona ajabu. Aone ajabu ya nini? Hapa Ashby Run, mji wetu mdogo wa Pennsylvania unaonuka samadi ya farasi mwaka mzima, nusu ya wachumaji uyoga wana jina la kazini na jina la nyumbani. Na usiulize. Ukiuliza, watu watadhani umetumwa.

Noelia Barragán wa kweli alikuwa mtu wa huko Texas ambaye Herminia hakuwahi kumwona hata kwa picha. Vitambulisho vyake vilipatikana kwa jamaa mmoja nyuma ya duka la matairi. Kila mshahara ulipotoka, makato ya pensheni yalikwenda kwa Noelia. Kama mama huyo yu hai, basi atazeeka kwa raha.

Lakini kazi ilikuwa ya Herminia, na kazi aliijua, jamani! Watu hudhani kuchuma uyoga ni kuinama na kuokota. Waje wajaribu. Nyumba ya uyoga haina dirisha. Vitanda vya samadi vimepandana sita kwenda juu, na mchumaji anaparamia fremu huku tochi imefungwa kichwani na kisu kifupi kiko mkononi. Unashika uyoga kwa ncha za vidole vitatu, unauzungusha, unakata shina, unaupanga kwa ukubwa wake, na hapo mkono wa pili umeshashika mwingine. Ukibonyeza kidogo tu, doa litatokea kesho dukani na kreti zima litarudishwa. Makreti ya Herminia hayakurudi. Bwana Hadley, mwenye kiwanda, akipata wageni aliwapeleka moja kwa moja kwake akawaambia, "Tazameni mikono ya Noelia."

Basi siku moja ya Machi taa ya breki ya gari lao ikaungua. Herminia alikuwa akitoka hospitali na binti yake Yareli, miaka kumi na minne, Mmarekani wa kuzaliwa, ambaye misuli yake hulegea kidogo kila mwaka. Yareli anatumia kiti cha magurudumu. Akilala, mashine humsaidia kupumua, na lazima mtu amgeuze ubavu mara nne kwa usiku. Polisi akawasimamisha, akaomba leseni. Leseni gani? Asiye na karatasi hapewi leseni, na mtoto wa namna ile humfikishi hospitali kwa miguu. Polisi akapiga simu, maofisa wa uhamiaji wakaja, na Herminia akachukuliwa mbele ya macho ya mwanawe.

Alikaa ndani wiki tatu. Mumewe Chon, fundi wa kuezeka mapaa, alijikaza, akajifunza mashine, akamgeuza mtoto kama alivyoelekezwa. Hata hivyo Yareli alishikwa na nimonia, akalazwa. Herminia alipoachiwa kwa dhamana kusubiri kesi, alimkuta binti amebaki macho tu. Akajua kwa hakika kwamba akirudishwa Meksiko, mtoto huyu hatamaliza mwaka. Nasema alivyowaza, ingawa hakulitamka.

Wakili wao, Bi Pruitt, alikuwa msichana mwembamba anayetafuna kalamu.

"Mlango upo mmoja," aliwaambia. "Uthibitishe mambo matatu. Umekaa hapa miaka kumi mfululizo. Wewe ni mtu mwema. Na ukiondolewa, Yareli ataumia kupita watoto wengine wanaotenganishwa na mama zao."

"La tatu lipo wazi," alisema Chon.

"Ndiyo. Tuanze na la kwanza. Nataka risiti, barua, mikataba, chochote chenye jina la Herminia na tarehe."

Mume na mke wakatazamana. Kila mwisho wa mwaka Chon alikuwa akikusanya kila karatasi iliyomo nyumbani na kuichoma ndani ya pipa uani, kipande kwa kipande, mpaka ibaki jivu. Wenye akili wote hapa wanafanya hivyo.

"Mmechoma zote?" aliuliza wakili.

"Zote," alijibu Chon kwa majivuno kidogo, halafu majivuno yakamwisha usoni.

"Nyumba?"

"Kwa jina la shemeji."

"Simu? Umeme?"

"Shemeji."

"Kazini je?"

"Kazini mimi ni Noelia," alisema Herminia.

Bi Pruitt akaitua kalamu mezani. Loo, miaka kumi na tisa walijificha, na walijificha vizuri mno! Wakili akawaeleza kwamba kiwanda kweli kina rekodi zote, lakini kuzileta mahakamani ni kukiri vitambulisho vya uongo, na hapo jambo la pili, la mtu mwema, litakwenda na maji. "Kazi tusiiguse kabisa," alisema. "Wakikuuliza, una haki ya kukaa kimya. Nyamaza."

Herminia hakuwa mtu wa kuambiwa nyamaza. Kesho yake alimfuata Bwana Hadley ofisini, akamwomba aandike barua tu, kwamba anamjua. Hadley si mtu mbaya. Hata Krismasi hukumbuka watoto wetu. Lakini siku ile aliongea huku akitazama buti zake.

"Noelia namjua. Ningemwandikia kurasa kumi. Herminia simjui, na siwezi kuanza kumjua leo. Nikimjua, serikali itauliza nimemjua lini, na wengine wangapi nawajua. Humu ndani nina watu mia na arobaini."

"Kwa hiyo mimi sipo?"

"Na kuanzia leo," alisema Hadley, uso umemwiva, "Noelia naye itabidi asije. Habari zako zimeshasambaa. Samahani sana."

Herminia alimtukana kwa Kispanyola, taratibu, bila kuruka neno, akatoka. Nami ningemtukana.

Aliporudi, jirani yake mzee Lowell alikuwa uani akikata majani. Huyu ni Mzungu wa hapahapa, na ujanani aliwahi kuchuma uyoga kabla watu wetu hawajafika. Alimwona machozi, na badala ya pole akaanza wimbo wake wa siku zote.

"Nilisema mimi. Mshahara wa kule haujasogea tangu muanze kuja. Mtu anayeogopa polisi haombi nyongeza, na asipoomba yeye, hapewi yeyote. Wanangu ilibidi wahame mji huu."

Neno hilo lilimuuma kwa sababu ni kweli. "Unataka tuombe nyongeza?" alifoka Herminia. "Basi tuombee karatasi kwanza, mzee, halafu utaona tunavyoomba!"

Lowell alizima mashine yake. Siku ya pili alileta barua aliyoandika kwa mkono: "Sikubaliani na jinsi alivyoingia nchini. Lakini ni jirani yangu kwa miaka sita, na sijaona mama anayemhangaikia mtoto kama yeye." Bi Pruitt aliifurahia barua ile, ila sita si kumi.

Mwezi wa Septemba ukaingia, kesi imepangwa Novemba, na bado mkononi hawana kitu. Ndipo rafiki yake Obdulia alipogonga mlango, kichanga begani.

"Shoga, Jumapili usisahau, tunambatiza huyu."

"Obdulia, nina kesi! Nafukuzwa nchini, na bado mnanibatizisha watoto?"

"Sasa nimpate nani mwingine? Padri unamjua."

Padri kweli anajulikana. Hakubali baba na mama wa ubatizo ambao hawajafunga ndoa kanisani, na watu wetu wengi walioana njiani, kwa haraka, mmoja akiwa Tennessee na mwingine kwenye basi. Herminia na Chon walifunga ndoa kwao kabla ya kuondoka, na cheti cha ndoa ndiyo karatasi pekee ambayo Chon hakuthubutu kuitia moto. Kwa hiyo mtaa mzima uliwaazima. Kila mwaka mtoto, mara wawili, na kila mtoto na nguo yake nyeupe na mshumaa wake, na Herminia akilalamika njia nzima kwamba watu waende wakaoane, wasimchoshe.

Jumapili ile akaenda, akamshika mtoto, mtoto akalia, maji yakamwagwa. Baadaye karani wa parokia akafungua daftari kubwa ili wasimamizi watie sahihi. Herminia akaandika kama alivyoandika siku zote: Herminia Tovar Zavala. Mbele ya Mungu huwezi kutia sahihi ya Noelia. Hata mwizi anajua hilo. Pembeni karani akaandika tarehe.

Mkono wa Herminia ukagandia kwenye ukurasa.

"Fungua nyuma," alisema.

"Nyuma wapi?"

"Nyuma! Nyuma kabisa!"

Karani akafungua. Mwaka jana, yumo. Mwaka juzi, yumo mara mbili. Wakaendelea kufunua hadi kwa mtoto wa kwanza, ambaye sasa ananyoa ndevu. Sahihi ishirini na tatu, jina lake mwenyewe, kila moja na tarehe yake. Herminia alipiga kelele mle ofisini mpaka kichanga cha Obdulia kikaanza kulia upya.

Mahakama ilikuwa Philadelphia. Hakimu alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua, leso haimtoki mkononi. Aliyapekua makaratasi ya kanisa yenye mihuri, akaguna, akasema kuhusu miaka kumi hana swali. Barua za madaktari wa Yareli nazo zikapita. Bi Pruitt alianza kupumua. Ndipo mwanasheria wa serikali akasimama, kijana mpole, hana hata haja ya kupaza sauti.

"Bi Tovar, nimesoma jalada lote na sijaona mahali pa kazi. Hata siku moja. Naona mtoto wako amesomeshwa na wilaya, ametibiwa, amepewa kiti. Naona mtu ambaye kwa miaka kumi na tisa amepokea. Sioni alichotoa. Ulikuwa unafanya nini, mama?"

"Mteja wangu hatajibu," alisema Bi Pruitt upesi.

Mkalimani akamnong'oneza Herminia yote mawili, swali na kukatazwa. Herminia alishika ukingo wa meza. Yareli alikuwa nyuma kwenye kiti chake, anasikia Kiingereza bila mkalimani, amesikia mama yake akiitwa mpokeaji. Kukaa kimya kungemponya, na alilijua hilo.

Akasimama.

"Nimechuma uyoga," alisema. "Siku sita kwa wiki, miaka kumi na tisa, kwa jina la mwanamke mwingine. Si jina langu na nilijua si langu. Hilo ni kosa, liandikeni. Kodi nimekatwa, pensheni nimekatwa, na sitaiona, iko kwa mwenye jina. Bwana, wewe umekula uyoga mara ngapi? Uliona doa? Basi ulikuwa wangu! Niiteni mwongo, nitaitika. Lakini mbele ya mwanangu msiniambie sikufanya kazi!"

"Kiwanda gani?" aliuliza kijana, kalamu tayari.

"Hicho sijibu," alisema Herminia, akaketi.

Bi Pruitt alikuwa ameficha uso kwa viganja. Hakimu alipenga kamasi, akatangaza mapumziko, na kwa dakika arobaini familia ilikaa kwenye benchi la nje. Chon hakumlaumu mkewe. Alikuwa anamsugua Yareli vidole, maana vilikuwa vimepoa.

Waliporudi, hakimu alisoma kwa sauti ya puani. Jina la uongo ni kosa, na limeandikwa kuwa kosa. Hata hivyo mahakama imemsikia mtu huyu akisema kweli wakati ambapo uongo wa kukaa kimya ungemfaa zaidi, na mtoto huyu hana mikono mingine. Kisha akataja kifungu cha sheria. Mkalimani alikuwa bado anatafuta maneno.

"Amesemaje?" aliuliza Chon. "Amesemaje huyu mama?"

"Amesema anabaki, baba," alisema Yareli, analia. "Mama anabaki."

Kadi ya ukaazi ilifika Februari. Siku hiyohiyo Herminia akaenda kwa Bwana Hadley. Wengine wangempita mbali, lakini yeye kazi anayoijua ndiyo hiyo. Hadley alifurahi kwelikweli, akampa mkono kwa mara ya kwanza: "Karibu, Bi Herminia." Halafu akavuta fomu, na alipofika penye uzoefu, akaandika: hana.

"Hana?"

"Kwa karatasi hujawahi kukanyaga hapa. Nifanyeje? Utaanza na wapya. Wiki moja utafundishwa, malipo ya mwanafunzi, halafu tutakuona."

Aliyepangiwa kumfundisha ni Dulce, binti ambaye Herminia mwenyewe alimfundisha kushika kisu. Dulce alikuwa amesimama mlangoni, hajui aangalie wapi. "Mama, mimi nikufundishe nini?"

"Nifundishe tu, mwanangu. Mimi mgeni." Kisha akamgeukia Hadley. "Ila zamu yangu iishe saa nane mchana. Basi la shule linamshusha binti yangu saa tisa kasorobo."

"Wapya hawachagui zamu," alisema Hadley.

"Huyu anachagua," alisema Herminia, na hakuinuka kitini.

Mtu wa kiwanda chake hajawahi kumkalia namna ile. Mwisho Hadley akachukua kalamu, akaandika saa nane. Wiki nzima Herminia alifundishwa uyoga unavyoshikwa, akitikisa kichwa kama hajui, na kila saa tisa kasorobo alikuwa mlangoni kwake, akilisubiri basi la Yareli.